Ridhaa Isiyosomeka

Iko hoja moja isiyo na miguu, lakini imetembea nchi nzima. Hoja hiyo yasema kuwa Kiswahili chafaa kwa shairi, kwa hotuba na kwa mapatano ya sokoni, bali kikifika mlangoni pa chumba cha upasuaji hakina budi kuvua viatu na kungoja nje. Wanaoishika si wageni. Ni watoto wa nyumba, waliosomeshwa kwa kodi ya watu wasemao Kiswahili, na ambao huwatibu watu hao hao. Nataka kuipinga kwa jambo moja dogo, yaani upasuaji wa macho kwa leza, kwa sababu katika jambo hilo madhara ya hoja yenyewe yaonekana waziwazi.

Mtu asiyeona mbali hulala chali kwa muda usiotimia nusu saa, akainuka, na kabla ya siku mbili kupita asoma saa ya ukutani bila miwani. Mimi ni mmoja wa watu hao, nami sina neno la kuulaumu utaalamu huo. Lakini siku yangu ilipofika, katika kliniki ya mji ambao sitautaja, nilipewa hati ya ridhaa yenye kurasa saba za Kiingereza kizito cha wanasheria. Ubavuni pangu alikaa dada mmoja mchuuzi wa samaki, naye kapewa hati kama yangu. Karani alimwonyesha kwa kidole: "Weka sahihi hapa, dada, na hapa, na hapa." Nikaomba nakala ya Kiswahili. "Mwalimu," karani akanijibu kwa adabu, "haya mambo hayana maneno kwa Kiswahili."

Tulitazame jibu hilo. Neno leza halikuwamo katika Kiingereza cha Shakespeare wala cha Dickens. Liliundwa mwaka 1957 na Mmarekani Gordon Gould, kwa kuokota herufi za mwanzo za maneno matano, na chombo chenyewe kiliwaka mara ya kwanza mwaka 1960 mikononi mwa Theodore Maiman. Leza itumikayo kwa macho yaitwa eksaima, na jina hilo ni vipande viwili vya maneno vilivyogongomewa pamoja. José Barraquer, daktari Mhispania aliyefanya kazi Bogotá, na ambaye alianza kuchonga konea kabla leza haijazaliwa, alikwenda kukopa jina la kazi yake kwa Wayunani. Basi Kiingereza nacho hakikuwa na maneno hayo mpaka watu walipokaa chini wakayaunda. Tofauti iliyopo ni ya bidii, na bidii ni tabia ya wenye lugha.

Haya, tuyaseme mambo yenyewe. Mbele ya mboni kuna ngozi angavu kama kioo cha saa, iitwayo konea. Unene wake katikati ni kiasi cha nusu milimita, nayo hufanya takribani theluthi mbili ya kazi yote ya kupinda mwanga uingiao jichoni. Jicho likiwa refu kupita kiasi, au konea ikibinuka mno, taswira ya kitu kilicho mbali huangukia mbele ya retina, na mtu haoni mbali. Daktari hutia matone ya ganzi, hulishika jicho kwa pete ifyonzayo, na kwa sekunde chache mgonjwa huona giza. Kisha hukata kifuniko chembamba cha konea na kukifunua kama ukurasa wa kitabu, upande mmoja ukiwa umeshikwa. Hapo leza huingia kazini. Miale yake haionekani. Urefu wa wimbi lake ni nanometa 193, na kila pigo huondoa kiasi cha robo ya sehemu moja ya elfu ya milimita. Haichomi kama moto, bali huvunja viungo vishikanishavyo molekuli, ingawa mgonjwa husikia harufu kama ya nywele zilizoungua, nami sikupendezwa nayo hata kidogo. Konea ikisha kupunguzwa katikati, mbinuko wake hushuka. Kifuniko hurudishwa mahali pake, nacho hushika bila kushonwa.

Ni neno gani hapo lililokosekana? Konea, retina na molekuli ni maneno ya kukopa, sikatai. Kiingereza kiliyakopa vilevile kwa Kilatini, wala sijasikia mtu aliyekidai deni.

Yaliyokuwamo katika kurasa zile saba ni mazito kuliko hayo. Nyama iliyoondolewa hairudi. Mishipa ya fahamu ya konea hukatwa pamoja na kifuniko, kwa hiyo macho huweza kukauka kwa miezi, na kwa watu wengine ukavu huo hudumu zaidi. Usiku, taa zaweza kuonekana zimevaa duara la mwanga au zimetoa miiba. Jicho ambalo konea yake ni dhaifu na imeanza kuchongoka, ugonjwa uitwao keratokonasi, halifai kabisa kwa kazi hii, maana konea ikipunguzwa huzidi kubetuka. Na mtu aliyefika miaka ya arobaini, kama mimi, ataona mbali vizuri, lakini ikirekebishwa hivyo bado atahitaji miwani ya kusomea, kwa kuwa lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa kwa umri, na leza ya konea haiigusi. Yote hayo yaliandikwa kwa Kiingereza. Tangazo lililobandikwa ukutani, juu ya kichwa cha karani, lilikuwa la Kiswahili safi: "Tupa miwani!" Maneno ya kuuzia yalipatikana, ya kutahadharisha ndiyo yaliyokosekana.

Nilimfasiria dada yule. Tulipofika kwenye taa za usiku alinisimamisha. "Kaka, mimi naendesha gari saa tisa ya usiku kuwahi mnadani. Hilo mbona hawakuniambia?" Akairudisha karatasi bila sahihi, akaomba kuonana na daktari. Na hapa haki itendeke: daktari alitoka, akakaa naye, akamweleza yote kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa muda wa dakika kama kumi, bila kukwama. Kumbe maneno alikuwa nayo! Hayakuwamo katika hati kwa sababu hakuna aliyeamuru yaandikwe. Kama dada yule hatimaye alipasuliwa au la, ni shauri lake. Nisemalo mimi ni kwamba lilikuwa shauri lake tangu dakika ile, si kabla yake.

Nimesikia utetezi wa wakubwa. Wasema mgonjwa akielezwa kila kitu ataingiwa na hofu akimbie. Na akimbie! Upasuaji huu hauokoi roho ya mtu. Miwani ipo, naye aweza kuishi nayo mpaka kaburini. Katika kukimbia huko daktari amepotewa na ada, mgonjwa hakupotewa na kitu asichoweza kukirudia. Hata Marekani jambo hili lina ugomvi. Mwezi wa Julai 2022 mamlaka yao ya chakula na dawa ilitoa rasimu iliyopendekeza wagonjwa waelezwe waziwazi zaidi juu ya macho makavu, maumivu na kuona vitu viwili viwili. Wapasuaji wakalalamika kuwa madhara yamekuzwa kupita faida. Huko wanagombania uwazi wa maneno yaliyomo katika lugha ambayo wagonjwa wengi waizungumza nyumbani. Sisi hata kwenye lugha hatujafika.

Wengine hukimbilia sheria, wakidai kuwa hati ya Kiingereza ndiyo yenye nguvu mahakamani. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 ikakifanya Kiswahili lugha ya mahakama, na Katiba ya Kenya ya 2010 imekitaja kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hakimu aweza kuisoma hati ya Kiswahili. Mgonjwa ndiye asiyeweza kuisoma ya Kiingereza. Mwalimu Nyerere alimfasiri Shakespeare, tafsiri ya Julius Caesar ikatoka mwaka 1963, huku ana nchi changa ya kuiongoza. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Wanafunzi wa tafsiri tunao kila mwaka, nao hupewa kwa mtihani kurasa za riwaya ambazo hakuna mtu aliye taabani kwa kutozielewa. Wapewe hati za hospitali. Watahiniwe kwa mbele ya mchuuzi wa samaki, na alama azitoe yeye.

Kurasa zile saba nimezifasiri, zikawa tano, kwa kuwa Kiswahili hakikuona sababu ya kusema jambo moja mara tatu. Limebaki neno moja la kubishaniwa. Wenzangu wawili wasema kifuniko ni cha sufuria, hakifai kwa jicho. Mmoja ataka ukaya, mwingine ataka utando. Utando nimeukataa kwa kuwa huleta fikira ya ugonjwa, na ukaya ni kitambaa cha kufunika uso, si sehemu ya uso. Nimeacha kifuniko mpaka aliye na neno bora alilete katika kurasa hizi, pamoja na sababu zake.