Hali ya Mwalimu Mkuu Wetu Ikoje?

Reading, Uingereza

Ndugu wazazi na wajumbe wa kamati za shule,

Lipo jambo linalonikosesha raha: afya za walimu wakuu wa shule zetu za msingi huko nyumbani Tanzania.

Novemba 2022, hapa Reading, wakaguzi wa Ofsted, idara ya serikali inayokagua shule, walifika Shule ya Msingi Caversham. Shule iliyokuwa na daraja la juu kabisa ikashushwa hadi la chini kabisa. Januari 2023, kabla ripoti haijatangazwa, mwalimu mkuu Ruth Perry, mwenye miaka 53, alijiua. Desemba mwaka huo uchunguzi rasmi wa kifo chake ulithibitisha kwamba ukaguzi ule ulichangia. Septemba 2024 serikali ikafuta mtindo wa kuihukumu shule nzima kwa neno moja. Hatua njema, lakini mwenyewe alikwishazikwa.

Nawasimulia haya kwa kuwa mzigo wa walimu wakuu wa huko nyumbani naujua. Mama yangu mdogo ni mwalimu mkuu. Tangu elimu bila malipo ianze 2016, madarasa yamefurika. Anafundisha, anasimamia fundi wa choo, anajaza hesabu za ruzuku, anasuluhisha ugomvi. Nilipokuja likizo nilishinda ofisini kwake. Kwenye droo, chini ya stakabadhi za saruji, niliona kadi yake ya kliniki ya presha. Tarehe ya kurudi ilikwishapita. Aliniambia siku ile ya kliniki Afisa Elimu Kata alitaka takwimu za utoro kabla ya saa sita, na mzazi alikuwa mlangoni akifoka kuhusu mchango wa uji. Kliniki akaiahirisha.

Presha haijui kuahirishwa. Na matokeo ya darasa la saba yakishuka, wa kwanza kunyooshewa kidole mkutanoni ni yeye. Yakipanda, pongezi zinakwenda kwa watoto.

Ndugu zangu, kamati ya shule ipo ili kubeba mzigo pamoja na mwalimu mkuu. Mjumbe mmoja asimamie mafundi na vifaa. Siku yake ya kliniki iheshimiwe: msaidizi wake akaimu, na simu yake ipumzike. Matokeo yakiwa mabaya, aulizwe kwanza amepungukiwa nini, kabla ya kusemwa hadharani. Nasi wa ughaibuni tunaochangia madawati, habari za risiti na picha tuzitafute kwa mwenyekiti wa kamati, tusimgongee mwalimu simu usiku.

Kikao kijacho, ajenda ya kwanza iwe hii: hali ya mwalimu mkuu wetu ikoje? Akijibu "nzuri tu," msiishie hapo. Mwulizeni kliniki ni lini, na nani atashika shule siku hiyo.

Ndugu yenu wa Reading