Mlima Hanang haupandwi kwa macho

UKINGO WA BONDE
Na Martini Gwandu

Simama mnadani Katesh uulize nani amewahi kufika kileleni Hanang. Utapata wachungaji wachache, utapata kijana aliyebebea wageni mizigo, na pengine mwalimu mstaafu aliyepanda enzi za ujana wake na hajaacha kusimulia. Waliobaki watakuonyesha mlima kwa kidole, kisha watakupa sababu zao: baridi, pumzi, hela ya kibali. Ukiwabana zaidi watakutajia wadudu. Siafu wa msituni, kupe wa kwenye majani, pange wanaotoboa shati. Sababu hiyo nimeisikia hata kwa watu wanaolala na kunguni mwaka mzima bila kulalamika.

Mimi nasema wadudu wanasingiziwa. Wapo, wanauma, na nitawasema hapa bila kuwapunguzia. Lakini wilaya nzima haiwezi kuishi chini ya mlima mmoja, ikanywa maji yake, ikazika watu kwa tope lake, halafu ikauacha kwa wageni kwa kisingizio cha siafu.

Kwa asiyeujua: Hanang una mita 3,417, na kwa urefu ni wa nne Tanzania, ukitanguliwa na Kilimanjaro, Meru na Loolmalasin. Katesh iko kwenye mita 1,700 hivi. Anayepanda asubuhi kwa njia ya Jorodom na kushuka jioni anapandisha zaidi ya mita 1,600 na kuziteremka zilezile siku hiyohiyo, na huko juu hakuna maji ya kutegemea. Msitu uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kama Hifadhi ya Mazingira Asilia, kwa hiyo kibali na mwongozaji unavitafuta mjini kabla hujafunga kamba za viatu. Wabarbaig nao wanauheshimu mlima huu kama mahali patakatifu tangu kabla ya vibali vyote hivyo.

Tulipanda mwishoni mwa Januari, mvua zilipopumzika na jua la kiangazi likaanza kuwaka. Tulikuwa marafiki wa zamani, wengi wetu tumeshapita umri wa kukimbia: mwalimu wa jiografia, muuza vipuri vya pikipiki, dada mmoja muuguzi ambaye ndiye aliyetushinda wote kwa miguu, mwongozaji kijana, na mimi. Na mbwa. Mbwa hakualikwa na mtu. Alitoka kwenye boma la mwisho la Jorodom, wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika, akatufuata. Mwongozaji alimrudisha kwa mawe mara ya kwanza na ya pili. Akatokea mbele yetu kwa njia nyingine, ametulia, kama aliyetangulia kutungoja. Ni mbwa wa mchungaji. Mlima anaufahamu kuliko sisi.

Pange ndio waliotupokea, palepale mashambani ambako ng'ombe hupita. Pange hana adabu ya mbu. Mbu hunyonya kimyakimya, ila pange anakata ngozi kwa mdomo kisha analamba damu, ndiyo maana unaruka palepale. Mwenye vipuri alivaa shati jeusi, akateseka kuliko wote. Tulimwambia. Wadudu wa jamii hii huvutwa na rangi za giza, na wanaotega mbung'o wameutumia udhaifu kama huo miaka mingi kwa kutundika vitambaa vya buluu na vyeusi. Aliyewahi kupita Tarangire na gari la buluu hahitaji kuelezwa.

Msituni zamu ikawa ya siafu. Mbwa ndiye aliyewagundua. Alikuwa mbele, akasimama ghafla, akainua mguu mmoja, akaunusa, kisha akaanza kucheza ngoma ambayo sijawahi kuiona kwa mbwa: anajing'ata kwapani, anajigaragaza, anaruka pembeni, anarudi kujing'ata. Nikasogea kumwangalia. "Mzee, usisimame hapo!" mwongozaji akapaza sauti, lakini wa kwanza walikuwa tayari ndani ya soksi.

Safu yao ilikata njia, pana kama kiganja, nyeusi yenye wekundu, imechimba mfereji mdogo kwenye udongo mbichi. Pembeni walisimama askari wenye vichwa vikubwa, taya wazi, wamejipanga kama ukuta, na katikati vibarua wadogo wanapita mbio na mizigo yao meupe. Wote hao ni vipofu. Jeshi la mamilioni linakwenda kwa harufu na mguso tu, na likipita kwenye nyumba, panya, mende na kunguni wanahama au wanaliwa. Ndiyo maana bibi zetu walikuwa wakitoka nje na watoto, wanafungua mabanda ya kuku, wanawaachia siafu nyumba, wanarudi kesho yake kwenye nyumba safi. Siafu akishauma haachii. Ukimvuta mwili unakatika, kichwa kinabaki kimeshika ngozi. Dada muuguzi alinitoa vichwa hivyo mguuni kimoja kimoja kwa kucha, huku akinisema kwa kuvaa soksi fupi.

Dawa yake si kubwa. Suruali ndani ya soksi ndefu, mafuta ya taa kidogo juu ya buti, na ukiiona safu unaivuka kwa hatua ndefu bila kusimama kuipiga picha. Kupe ndio wanaotaka uvumilivu, kwa sababu hawaumi ukasikia. Unawakuta jioni, kiunoni na nyuma ya magoti, na unapaswa kuwavuta taratibu kwa kibanio karibu na ngozi, usiwachome wala usiwapake kitu.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kufika. Tulipotoka msituni tukashika vichaka na nyasi za juu, wadudu walikwisha. Upepo ulianza, jasho likakauka. Kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hushuka kama nyuzi sita, kwa hiyo kule juu unaweza kukuta hali ya hewa iliyo chini ya Katesh kwa nyuzi kumi. Pange hapendi hali hiyo. Kupe nao hupungua pale mifugo inapopungua. Ukiichora ramani ya mahali tulipoumwa, karibu yote itaangukia kule chini, kwenye njia za ng'ombe na ukingo wa msitu. Wadudu tunaowatupia lawama za mlima ni majirani zetu wa nyumbani. Wanaishi kwa damu ya mifugo yetu, na ng'ombe wanapobanwa chini hupanda, wakapanda na kupe wao. Kutoka juu unaiona tambarare ya Basotu, ambako kuanzia miaka ya 1970 Wabarbaig walipoteza malisho yao bora kwa mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO yaliyosaidiwa na Kanada, na kesi ya ardhi hiyo ikafika hadi Mahakama ya Rufani. Anayeshangaa ng'ombe kuonekana karibu na hifadhi na aanzie kuhesabu huko.

Kuhusu mbwa tuligombana, na ugomvi huo ulitupitisha nusu ya mgongo bila kuhisi miguu. Mwenye vipuri alisema bila mbwa tungekanyaga siafu wote watano, kwa hiyo mbwa ana haki ya kilele. Mwalimu akaleta habari ya Serengeti. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua simba karibu 1,000 katika hifadhi ile, takriban theluthi moja, na watafiti walivifuatilia virusi vyake hadi kwa mbwa wa vijijini pembezoni. Mbwa wale hawakumng'ata simba yeyote. Walipita tu, wakakohoa, wakanusa mizoga ileile. Hifadhi za taifa zinakataza mbwa na mimi nakubaliana nazo kabisa.

Lakini mbwa wa mchungaji wa Jorodom hasomi kibao. Ataingia msituni kesho, tuwepo tusiwepo, kwa sababu anafuata mbuzi na mbuzi wanafuata majani. Kumfukuza kwa mawe kunampa mgeni picha ya hifadhi inayolindwa, basi. Kinachofanya kazi ni sindano, ya distempa na ya kichaa cha mbwa pia. Wataalamu wanasema ukichanja mbwa asilimia 70 katika eneo, kichaa cha mbwa kinakosa njia ya kuendelea, na dunia imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2030 asife mtu tena kwa kichaa kinacholetwa na mbwa. Vitongoji vinavyopakana na hifadhi vingepaswa kuwa vya kwanza kwenye ratiba ya chanjo. Mara nyingi ndivyo vya mwisho, kwa sababu gari la mifugo halipendi kupanda.

Mgongo wa Hanang unadanganya. Unaona kilele, unakifikia, kumbe ni bega tu, na kilele chenyewe kiko mbele, na ukikifikia hicho kuna kingine. Njia inakuwa nyembamba, upande mmoja kreta kuukuu iliyojaa majani, upande mwingine mteremko unaoshuka hadi mashambani. Kaskazini linang'aa ziwa Balangida, jeupe kwa chumvi pale maji yanapokauka. Mwalimu alikaa kwenye jiwe muda mrefu kuliko alivyohitaji kupumzika. Kwa miaka, anasema, amechora volkano ubaoni kwa chaki tatu za rangi, dirisha la darasa limeielekea volkano yenyewe, na hajawahi kumpandisha mwanafunzi hata mmoja.

Tarehe 3 Desemba 2023, katika mvua zile za El Niño, sehemu ya mlima huu ilishuka ikiwa tope, mawe na magogo juu ya Katesh, Jorodom, Ganana na Gendabi. Walikufa watu zaidi ya 80. Kwa siku kadhaa uvumi ulienea kwamba Hanang umelipuka, na waliokuwa na hofu tele wakaongezewa hofu ya moto. Serikali ilikanusha na kueleza kwamba tabaka la miamba dhaifu lilinyonya maji mengi, likalainika, likameguka. Maelezo hayo yalihitaji kwenda mlango kwa mlango, na hayakukuta watu wengi waliowahi kuiona kreta ikiwa baridi na imemea miti. Sisemi mwenye kuujua mlima angeuzuia. Nasema angejua amwogope nani na ahame upande gani, na angetambua mapema kijito kinapobadilika rangi.

Nchi hii ilianza uhuru wake kwa kupanda mlima. Usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda aliuwasha mwenge juu ya Kilimanjaro, na kila mtoto wa shule anaimudu habari hiyo. Baada ya hapo kupanda tukakufanya kazi ya wapagazi na anasa ya wageni. Vikundi vya vijana wa mijini vimeanza kuibadilisha hali hiyo, nawapongeza, ila wanakuja na basi kutoka Arusha na Dar es Salaam, wanapiga picha kwenye kilele chetu, wakati kijana wa Dirma au Gitting anauona mlima kama ukuta wa nyuma ya nyumba.

Kushuka kulituvunja magoti. Mbwa alitangulia, akaipita sehemu ya siafu kwa kona pana sana, nasi tukamfuata palepale alipokanyaga. Kwenye boma la mwisho mchungaji alikuwa mlangoni, hakuonyesha kushangaa. Dada muuguzi aliinama akamkagua mbwa masikioni, akatoa kupe waliovimba kama mbegu za mbono, akawauliza wenyeji mara ya mwisho alichanjwa lini. Walitazamana.

Kwa hiyo ombi langu kwa halmashauri ni dogo na lina tarehe. Februari ijayo, kabla ya masika, darasa moja la kidato cha pili kutoka shule yoyote ya Katesh lipande njia ya Jorodom walau hadi pale msitu unapoishia, kwa kibali cha bure kutoka TFS, na waongozaji walipwe. Wiki hiyohiyo gari la mifugo lipande hadi boma la mwisho na boksi la chanjo. Mwalimu wa jiografia nimeshampata. Mafuta ya taa ya kupaka buti nitaleta mimi.