Nakala Isiyofunguliwa Si Nakala



Kila mwaka kitabu chetu hiki hutuletea khabari za waliozaliwa, waliooana na waliotangulia mbele ya haki. Safari hii nimeomba ukurasa mmoja nizungumzie jambo ambalo huenda likaonekana dogo, nalo ni namna tunavyoweka kumbukumbu zetu katika kompyuta za majumbani. Nasema wazi tangu mwanzo: hatuziweki vizuri, na wa kwanza wa kulaumiwa ni mimi.

Wengi wenu mnajua kwamba marehemu bibi hakuwa mtu wa kuandika barua. Miaka ya 1970, sisi tukiwa tumekwisha hamia huku Uingereza, alikuwa akituletea kaseti. Hukaa barazani kwake Unguja akaisemesha mashine kama anayemsemesha mtu: nani kaoa, nani mgonjwa, sukari imepatikana au haikupatikana. Katika kaseti nyingine alitutajia nasaba yetu, mtu baada ya mtu, mpaka babu wa nne.

Nilikuwa na kaseti 38. Majira ya baridi ya mwaka 2016 nilizihamishia kwenye kompyuta moja moja, kila moja kwa muda wake mzima. Nilipomaliza nikaona zinanijazia kabati, nikazitupa. Nilikuwa na kompyuta, nilikuwa na diski ya nje niliyoinunua makusudi, na nilijiona mwenye akili.

Mwaka 2019 kompyuta ilizimika, isiwake tena. Fundi akaniambia diski yake ya ndani haisomeki. Sikushtuka. Nilichukua ile diski ya nje nikaichomeka kwenye kompyuta ya mwanangu. Majina yote 38 yalikuwapo, na tarehe zake. Nikabonyeza la kwanza: kimya. La pili: kimya. Mwanangu akatazama, kisha akaniambia kwa upole, "Mama, haya si mafaili. Hizi ni njia za mkato tu." Kumbe nilichonakili ni zile alama zinazokaa kwenye uso wa kompyuta, ambazo kazi yake ni kuelekeza faili liliko. Faili lenyewe halikuwahi kutoka ndani ya ile kompyuta iliyokufa. Nilikuwa nimeweka bahasha, nikidhani nimeweka barua.

Kwa miaka mitatu nilikuwa na nakala ambayo haikuwa nakala, nami sikujua kwa sababu sikuwahi kuifungua. Neno langu ndilo hilo. Sote tunasema, "Mimi nimeshaweka nakala." Kuweka ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuirejesha, yaani kulichukua faili kutoka kwenye nakala, kulifungua kwenye kompyuta nyingine, na kuona kwamba picha inaonekana na sauti inasikika.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya sisi wazee tusiosomea mambo haya. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ya Marekani ilikuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2. Kwa amri moja iliyotolewa kimakosa, sehemu kubwa ya filamu ilifutika kwenye mashine zao. Walipokwenda kwenye nakala za akiba wakakuta hazifanyi kazi, na hakuna aliyekuwa amegundua. Kilichowaokoa ni kwamba mmoja wa wakuu wa mafundi wao, Galyn Susman, alikuwa amejifungua karibuni na akifanya kazi nyumbani, na kompyuta ya nyumbani kwake ilikuwa na nakala ya kazi ile. Kampuni nzima iliokolewa na nyumba ya mzazi.

Na kwetu sisi hili si geni. Picha ya harusi ya mama yangu haikutoka Unguja pamoja nasi. Tunayo leo kwa sababu nakala yake ilikuwa kwa shangazi, Mombasa. Wazee wetu hawakuijua kompyuta, lakini walijua kwamba kitu cha thamani hakikai nyumba moja.

Wenye ujuzi wa kompyuta wana kanuni nyepesi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Mimi naongeza mawili. Kwanza, diski ya akiba isiachwe imechomekwa siku zote, maana virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia huifunga nayo pia. Pili, vijana wanaotuambia "kila kitu kipo mtandaoni" wajue kwamba huduma nyingi za namna hiyo hulinganisha vyombo vyako vyote. Ukifuta picha kwenye simu, inafutika na huko, na baada ya siku kadhaa hata kwenye pipa la taka huikuti.

Najua pia kwamba wako jamaa wasiopenda nakala zisambazwe, na hoja yao naiheshimu. Picha za akina mama kwenye harusi zetu zilipigwa kwa kuaminiana, wala si za kuzungushwa. Lakini sitara si kuweka kitu mahali pamoja mpaka kipotee. Picha za namna hiyo zitengwe, diski ifungwe kwa neno la siri, na neno hilo wapewe watu wawili wanaoaminika, si mmoja. Nasema wawili kwa sababu mmoja akifariki nalo, diski nzima inageuka jiwe.

Basi pendekezo langu ni hili. Siku ya mkusanyiko wetu wa mwaka, kila nyumba ilete diski yake. Mwenye diski asichague la kufungua. Mtu wa nyumba nyingine ataje mafaili matatu, nayo yafunguliwe hapo hapo, kwenye kompyuta isiyo ya mwenyewe. Likikataa hata moja, nyumba hiyo ikatengeneze nakala upya kabla ya mwezi kwisha. Kisha tuchague nyumba mbili za kuhifadhia nakala za ukoo, moja huku Uingereza na moja Muscat.

Mwaka 2017 binamu yangu wa Muscat alitamani kusikia sauti ya bibi, nikampelekea kaseti tisa ndani ya fleshi. Aliziomba kwa hamu tu, wala hakuna kati yetu aliyefikiria habari za akiba. Hizo tisa ndizo zilizobaki. Bibi yumo, anacheka, anauliza kama tunapata samaki huku kwenye baridi. Lakini ile kaseti ya nasaba haimo. Nimewauliza wazee wote waliobaki, na hakuna anayevuka babu wa tatu.

Nawaombeni radhi wote kwa khasara hiyo. Anayekumbuka jina lolote aniandikie. Na siku ya mkusanyiko mje na diski zenu, msisahau na waya wake.