Steringi Anapokufa Katikati ya Gemu

Kwenye banda la gemu la Bombambili, Songea, pedi haikai mkononi mwa mtu muda mrefu. Mechi ikiisha, aliyefungwa anainuka na aliyekuwa akisubiri kwenye benchi anakaa. Hesabu ya mwenye banda ni nyepesi: luninga moja, PlayStation 2 moja, na mechi nyingi kadiri inavyowezekana kabla siku haijaisha. Ndiyo maana mabanda ya Songea, sawa na ya Temeke au Mbeya, yameishi miaka yote kwa mpira, magari na ngumi. Gemu ya zaidi ya saa 20, tena inayoanza na mama anayemwamsha mwanawe kitandani, ingekaa wapi hapo? Nani angemwachia mteja mmoja pedi kutwa nzima, ili asome?

Maana gemu za hadithi, zile ambazo mchezaji anamtoa mhusika kijijini kwao akiwa mnyonge na kumfikisha mbele ya adui wa dunia nzima, ni za kusoma kuliko za kupiga. Mapigano yapo, lakini huenda kwa zamu: chagua pigo, chagua dawa, ngoja adui naye ajibu. Kazi kubwa ni kuzungumza na watu. Unaingia nyumba hii, unamsikiliza bibi huyu, unapeleka ujumbe kwa mfalme yule. Wajapani walikuwa nazo mikononi tangu Mei 1986, ilipotoka Dragon Quest ya Yuji Horii kwenye mashine ya Famicom. Final Fantasy ya Hironobu Sakaguchi ikafuata Desemba 1987. Famicom yenyewe Watanzania wengi wameishika bila kujua jina lake, kwa sababu zile TV game za Kichina za kaseti, zenye Contra na Mario, zilikuwa nakala zake.

Wapo wanaosema vijana wa huku hawana subira ya gemu za namna hiyo. Si kweli. Kijana anayeweza kumaliza tamthilia ya Kikorea au ya Kifilipino yenye vipindi hamsini hakosi subira. Kilichomkosesha gemu za hadithi ni bei ya kukaa, umeme, na lugha. Vikwazo viwili vya kwanza vimeshalegea. Cha tatu kinaweza kuondolewa na Waswahili wenyewe, na gemu za zamani ndizo mahali pazuri pa kuanzia.

Umeme kwanza, kwa kuwa Songea inaujua. Kabla laini ya kilovolti 220 kutoka Makambako haijauunganisha mji na gridi ya taifa mwaka 2018, Songea ilitegemea majenereta ya dizeli, na mgawo ulikuwa sehemu ya maisha. Sasa gemu ya mpira ikikatika umekosa mechi moja, basi. Gemu ya hadithi ya miaka ile haikuruhusu kuhifadhi safari popote upendapo. Ilibidi ufike kwenye alama maalumu, ama utoke nje kwenye ramani kubwa. Umeme ukikatika ukiwa ndani ya pango, saa mbili za kazi zimepotea. Kisha kulikuwa na memori kadi, ambayo bandani ni mali ya mwenye banda, na yeyote anayekaa baada yako anaweza kuandika safari yake juu ya yako. Kwa hali hiyo, aliyechagua mpira alikuwa na akili timamu.

Simu imebadilisha hayo. Chrono Trigger, ambayo wengi wanaihesabu kuwa gemu bora ya hadithi ya zama zile, ilikaa kwenye kaseti ya megabiti 32, yaani megabaiti 4: sawa na wimbo mmoja wa bongo fleva wa dakika nne uliotumwa kwa WhatsApp. Miji, misitu, muziki, maneno yote, ndani ya megabaiti 4. Toleo halali la Android limekuwepo tangu 2012, na Final Fantasy VII, iliyotoka Januari 1997 ikiwa na diski tatu, ilifika kwenye Android mwaka 2016. Simu ya kawaida inayouzwa mjini Songea inazibeba zote mbili, na betri yake haijui mgawo.

Chrono Trigger inastahili kutazamwa kwa karibu. Ilitoka Japani Machi 11, 1995, ikiwa kazi ya Sakaguchi na Horii kwa pamoja, jambo lililowashangaza watu kwa sababu wawili hao walikuwa washindani. Wahusika wake walichorwa na Akira Toriyama, yule yule wa Dragon Ball, aliyefariki Machi 2024. Kijana wa Songea anayemjua Goku hatahitaji kutambulishwa; nywele za Crono, steringi wa gemu hii, zitamweleza.

Crono anaamshwa na mama yake siku ya maonyesho ya kuadhimisha miaka elfu moja ya ufalme wao. Kwenye viwanja vya maonyesho anagongana na msichana, kidani cha msichana kinadondoka. Pembeni kuna mtoto aliyepotelewa na paka wake. Pembeni tena, juu ya meza, kuna chakula cha mtu, na mchezaji akikibonyeza, Crono anakila. Hakuna anayesema neno. Mchezaji anacheka, anaendelea na safari yake, anakwenda hadi karne nyingine na kurudi.

Anaporudi anakamatwa na kufikishwa mahakamani kwa tuhuma za kumteka binti mfalme, kwani yule msichana ndiye. Hapo mashahidi wanaanza kuingia. Mzee anasimama: huyu ndiye aliyekula chakula changu. Ulikiokota kidani kabla ya kumwinua msichana? Limeonekana. Ulimrudishia mtoto paka wake? Anakuja kukutetea. Wazee saba wa baraza wanapita mmoja mmoja kutoa uamuzi, na mchezaji anabaki ameshika pedi akikumbuka kila alichofanya saa kadhaa zilizopita alipodhani hakuna anayeangalia. Tena hata ukishinda kesi, unapelekwa gerezani, kwa kuwa yupo mkubwa serikalini aliyekwisha amua. Mtunzi wa tukio hilo alizijua ofisi.

Ndiyo sababu gemu hii hunoga zaidi ukiirudia. Mara ya pili unaingia kwenye maonyesho kama mtu anayejua atashtakiwa. Unakipita kile chakula kwa adabu, unamtafuta paka. Watunzi walilitarajia hilo, wakaweka nafasi ya kuanza upya huku ukibaki na nguvu na silaha ulizomaliza nazo, na miisho zaidi ya kumi inayotegemea ni lini unaamua kumkabili Lavos, dubwana lililolala chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka. Mtindo huo leo umo kwenye gemu nyingi kubwa za kisasa, na jina lake la Kiingereza lilienezwa na Chrono Trigger.

Halafu kuna lile ambalo mtazamaji wa mabanda ya video ya Tanzania hatalisamehe haraka. Kanuni ya mabanda yale inajulikana na kila mtoto: steringi hafi. Anapigwa, anafungwa, anatupwa mtoni, lakini hafi. Crono anakufa. Katikati ya hadithi, akiwakinga wenzake dhidi ya Lavos, anayeyuka mbele ya macho ya mchezaji, na gemu haikuambii ujaribu tena. Inaendelea. Unaweza kuimaliza bila yeye. Ukitaka kumrudisha, pamoja na mambo mengine unahitaji mwanasesere wa sura yake, naye anapatikana kwenye hema la michezo, kule kule kwenye maonyesho ya mwanzo. Mchezaji aliyekuwa anabonyeza tu maneno yapite hawezi kuelewa kwa nini anamtafuta mwanasesere.

Hapo ndipo lugha inapoingia. Matoleo halali ya gemu hizi yana Kiingereza, Kijapani na lugha nyingine kadhaa; Kiswahili hakimo. Wazazi na walimu watasema vizuri, mtoto atajifunza Kiingereza humo. Baadhi watajifunza kweli. Lakini anayeelewa sentensi moja kati ya tatu hasomi, anatafuta kitufe cha kuruka. Na gemu ya hadithi iliyorukwa maneno ni mapigano ya zamu yanayochosha. Anairudisha, anafungua mpira, na watu wanasema hana subira.

Filamu zilikumbana na ukuta huo huo, na Watanzania hawakusubiri Hollywood wala Hong Kong iwafikirie. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana mitaani kwa jina la Lufufu, alikaa na kipaza sauti akazisimulia filamu za nje kwa Kiswahili, akieleza, akiongeza, akitania, akimpa jambazi wa Kimarekani maneno ya Kariakoo. Wengine wakafuata, na Kenya ikampata DJ Afro. Wasomi wa lugha walikunja uso. Watazamaji walijaza mabenchi. Filamu ya kigeni iliyopita mdomoni mwa msimulizi mzuri ilikuwa imeshakuwa ya kwetu nusu.

Gemu ya zamani ya hadithi inamfaa msimulizi kuliko hata filamu. Filamu inakimbia, msimulizi anaikimbiza. Gemu inasimama kwenye kila kisanduku cha maneno ikingoja mtu abonyeze. Msimulizi ana muda wa kusoma, kumeza na kusema kwa sauti ya mhusika, hata kuwauliza waliokaa: tumpe jibu gani? Jioni moja kwa wiki, luninga moja, kipaza sauti na msimulizi anayelijua Kiingereza na mtaa wake. Mwenye banda alipishe kiingilio kama banda la video, wala asihesabu mechi. Au msimulizi aicheze nyumbani kwenye simu yake na kurekodi, watu wamfuate YouTube. Haihitaji mradi wa wafadhili.

Kutafsiri maandishi yenyewe ndani ya gemu kunawezekana pia, na ujuzi haukosekani. Vijana wa Kitanzania wameshaingiza jezi za Simba na Yanga kwenye gemu za mpira za PPSSPP, programu inayoendesha gemu za PSP kwenye simu, na anayeweza kubadilisha jezi hashindwi kujifunza kubadilisha maneno. Nje huko mashabiki wamefanya hivyo kwa muda mrefu: Mother 3, ambayo Nintendo haikuitoa kwa Kiingereza, ilitafsiriwa na mashabiki mwaka 2008. Ila kuna sheria. Tafsiri ni haki ya mwenye kazi, na Square Enix, wenye Chrono Trigger, si watu wa kuchezewa: mwaka 2009 walisimamisha mradi wa mashabiki waliojitungia mwendelezo wa Chrono Trigger ulipokaribia kutoka. Basi anayetaka kuanza kesho anunue toleo halali na asimulie kwa mdomo. Watakaotaka kuandika Kiswahili ndani ya gemu wagonge mlango wa mwenyewe, na ingependeza BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, wawe wamesimama nyuma yao.

Wakifunguliwa, kazi itakuwa tamu. Ted Woolsey, aliyeitia Chrono Trigger kwenye Kiingereza, alimpa mhusika Chura, shujaa aliyegeuzwa umbo kwa uchawi, maneno ya kale ya heshima. Katika Kijapani Chura huyo hakuzungumza hivyo. Ulikuwa uamuzi wa mfasiri, na wasomaji wa Kiingereza wakampenda kwa sababu hiyo. Mfasiri wa Kiswahili ana akiba kubwa zaidi: Chura anaweza kupewa lahaja ya Kiamu ya tenzi za zamani, mama wa Crono akamsema mwanawe kama mama yeyote wa Ruvuma asubuhi ya maji kukatika, na yule hakimu akaachiwa Kiswahili cha mahakama ya mwanzo, kile kinachomfanya mshtakiwa aonekane ana hatia kabla hajajibu.

Afrika imekwisha kuanza kutunga zake. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, chini ya Olivier Madiba, ilitoa Aurion mwaka 2016, gemu ya hadithi iliyochota kwenye mila za Kiafrika. Waswahili wana Fumo Liyongo, shujaa asiyedhurika kwa silaha yoyote ila sindano ya shaba kitovuni; mchezaji yeyote wa gemu za Kijapani anamtambua mara moja, maana amekutana na maadui wa namna hiyo mara mia. Na Songea yenyewe ina Makumbusho ya Majimaji, ambako kila Februari 27 wanakumbukwa mashujaa wa Kingoni, Nduna Songea Mbano akiwa miongoni mwao, walionyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika vita vya Majimaji, ambamo wapiganaji waliamini maji ya dawa yangewakinga na risasi. Katika gemu za hadithi dawa hufanya kazi kila inapotumiwa. Ndiyo kanuni, tangu 1986. Gemu ambamo mchezaji anapewa maji, anayaamini kwa saa tano, anawashawishi wenzake wayaamini, kisha maji hayo yanashindwa mbele ya bunduki na safari inabidi iendelee, Mjapani hawezi kuitunga. Atakayeitunga huenda yuko Bombambili sasa hivi, lakini atahitaji kwanza kuzicheza za Wajapani mpaka mwisho, azirudie, na aelewe kila neno.