KIZUNGUZUNGU SI JINI: MPELEKENI MGONJWA KWA BINGWA



Ndugu wazazi, na nyinyi vijana wetu mlioko masomoni, leo tunasema jambo ambalo litawaudhi baadhi yenu. Hapa kwetu Kigali, katika mitaa yetu ya Nyamirambo na Biryogo, mwanamke akianza kupepesuka, akishika ukuta akienda chooni, akisema vitu vinamzunguka au macho yanamchezea, hukumu hutoka kabla hajamaliza kueleza. Ana jini! Na akianguka kwenye sijda ndiyo imekwisha kabisa: "Mnaona? Jini halitaki sijda." Akiwa kijana wa kiume, basi amelewa.

Sisi tunasema hiyo ni dhulma kwa mgonjwa.

Hatukatai kuwepo kwa majini, Qur'ani imeyataja, wala hatumzuii mtu kusomewa ruqya. Tunachokataa ni kisomo kugeuzwa sababu ya kumfungia mgonjwa ndani miezi sita. Mabedui walimuuliza Mtume (s.a.w.) kama watafute matibabu, naye akawaambia watafute. Hadithi hiyo ya Usama bin Sharik imo kwa Abu Daud na Tirmidhi, na masheikh wetu wanaijua vizuri kuliko sisi. Mbona haitajwi pale mgonjwa anaponyweshwa kombe la tatu na la nne?

Tulichukue hilo hilo la sijda. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo cha mizani ya mwili, na humo mna chembe ndogo sana za chokaa. Chembe hizo zikibanduka mahali pake na kuingia kwenye vimfereji vya sikio la ndani, basi kila kichwa kinapoinama au kugeuka, iwe ni kwenda sijda, kujigeuza kitandani au kutazama rafu ya juu, dunia inazunguka kwa sekunde kadhaa, mara nyingi isifike dakika, na macho yanachezacheza yenyewe. Anaanguka kwenye sijda kwa sababu sijda inainamisha kichwa! Angeinama kuchota maji angeanguka vile vile. Kipimo chake kilielezwa mwaka 1952 na Margaret Dix na Charles Hallpike huko Uingereza: mgonjwa analazwa upesi kichwa kikiwa kimegeuzwa upande, daktari anamtazama macho. Tiba ya kukigeuza kichwa hatua kwa hatua mpaka chembe zitoke kwenye mfereji ilifanywa na daktari wa Marekani, John Epley, aliyeiandikia mwaka 1992. Haitaki mashine wala dawa, inataka kitanda na mikono ya anayejua, na wengi hupata nafuu kwa mara moja au mbili. Sasa pigeni hesabu wenyewe: kuku mweusi ni bei gani siku hizi?

Wapo pia wasiosema jini, wao husema miwani. Mtoto analalamika kwamba maneno yanarukaruka, ananunuliwa miwani. Haimsaidii, ananunuliwa nyingine. Jueni kwamba mwili husimama kwa msaada wa vitu vitatu: masikio ya ndani, macho, na hisia za miguu na viungo, na ubongo ndio unaoviunganisha. Kiungo cha mizani ndicho kinachoyatuliza macho tunapotembea. Kikiharibika, mtu akikaa kitini anasoma herufi zote za kipimo bila shida, akisimama na kutembea vibao vya barabarani vinaruka mbele yake. Muuza miwani anasema macho mazima, nyumbani wanasema anajifanya, na huko madrasa anapigwa fimbo kwa kuruka mstari.

Na kinachoharibu kiungo hicho wakati mwingine ni sindano. Jentamisini na streptomisini ni dawa zilizookoa roho nyingi, lakini zinaweza kuua mizani ya masikio yote mawili, hasa kwa mwenye figo dhaifu au anayedungwa siku nyingi. Mwaka 1952 daktari mmoja aliyetibiwa kwa streptomisini alieleza katika jarida la madaktari la Marekani jinsi alivyoweza kusoma kitabu kwa shida tu, akikibana kichwa chake kwenye vyuma vya kitanda, kwani hata mapigo ya moyo wake yaliyarusha maandishi. Huyo alikuwa daktari, akaaminiwa. Mama wa Biryogo anayesema maneno hayo hayo anaaminiwa na nani?

Basi njia ni hii. Anzeni kituo cha afya na mituweli yenu, kwa sababu mkiruka ngazi mituweli hailipi, isipokuwa dharura. Mkiambiwa "ni presha" au "ni mawazo" na hakuna aliyemtazama macho wala kumwambia atembee, ombeni kwa adabu barua ya rufaa, na msiondoke bila jibu. Anayetafutwa ni daktari wa masikio, pua na koo, daktari wa macho, na pengine wa mishipa ya fahamu. Andikeni kabla ya kwenda: ilianza lini, hudumu sekunde au saa, huletwa na nini, masikio yanavuma au la, sindano na dawa zote alizopata. Simu mnazo. Inapomjia, mpigeni picha ya video ya macho. Inaweza kumsaidia bingwa kuliko maelezo ya shangazi watatu.

Ila ikija ghafla pamoja na kuona vitu viwili viwili, ulimi kuwa mzito, upande mmoja kulegea, kichwa kuuma kupita kiasi au kushindwa kusimama, hapo hakuna cha rufaa wala ruqya kwanza. Huenda ni kiharusi. Hospitali, saa ile ile! Na jicho likififia ndani ya siku chache huku likiuma, msingoje wiki iishe.

Wapo watakaorudi na vipimo safi, ugonjwa haujapata jina. Vipimo safi havimfanyi mgonjwa kuwa muongo. Huyo aswali amekaa, ruhusa aliyopewa Imran bin Husayn na Mtume (s.a.w.) inamtosha, na asiulizwe kila Ijumaa kwa nini yuko kwenye kiti. Gizani huyumba zaidi kwa sababu macho yake hayamsaidii, kwa hiyo Alfajiri ndiyo humpa tabu. Tunawaomba wakuu wa misikiti waweke taa njiani na chuma cha kushika penye mabomba ya udhu, wanaume na wanawake. Mafundi wa kuchomelea vyuma wamejaa mitaani kwetu.

Wabillahi tawfiq.