Moyo wa Mshika Usukani



Ni nadra kuipata familia ya pwani isiyokuwa na mtu wake Nairobi, na wengi wao wamekaa mitaa ya Eastlands: Majengo ya Pumwani, Eastleigh, Umoja, Kayole. Miongoni mwao wamo madereva wa matatu na makanga wao. Leo twazungumza na wake zao na mama zao juu ya moyo, na hatukusudii ule wa mawaidha, bali kipande cha nyama kinachosukuma damu.

Katika hitima nyingi twasikia kauli moja: "Alianguka ghafla, wala hakuwa mgonjwa." Kauli hiyo yatutia shaka. Shinikizo la damu, au presha kama tulivyozoea kuiita, laweza kukaa mwilini miaka mingi bila ya kumuuma mtu. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne nchini Kenya alikuwa nalo, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapimwa kamwe.

Kwa nini tumtaje dereva mbele ya wengine? Mwaka 1953 daktari Jerry Morris na wenzake walitangaza matokeo ya kuwachunguza wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva na kondakta walikuwa katika gari moja, barabara moja. Mmoja alikaa kutwa. Mwenziwe alipanda na kushuka ngazi akikata tikiti. Maradhi ya moyo yaliwapata madereva zaidi, na yalipowapata yaliwaua upesi zaidi. Baadaye Morris alitazama hata vipimo vya sare zao, akakuta suruali za madereva ni pana zaidi kiunoni, tangu walipokuwa vijana. Kwa hiyo kukaa si sababu pekee, lakini ni sababu.

Sasa mtazame dereva wa Jogoo Road. Hutoka nyumbani kabla ya alfajiri, hurudi watoto wamelala. Chakula chake ni chai ya sukari nyingi, chipsi na nyama ya kuchoma iliyozidishwa chumvi, akila huku akichungulia foleni ya steji. Maji huyakwepa kwa kuwa hana pa kwendea haja. Wengine hujikaza kwa miraa au mugukaa na sigara, na vyote hivyo huuharakisha moyo uliokwisha kuchoka. Juu yake ongeza moshi wa magari, honi, askari, na hesabu ya mwenye gari ambayo lazima itimie kabla dereva hajaanza kuhesabu chake.

Hiyo hesabu ndiyo hasa inayotusikitisha. Sheria ya Trafiki ya Kenya yakataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa nane katika siku moja. Lakini anayelipwa kwa siku, akipumzika, watoto wake hulala njaa. Basi tusimlaumu yeye peke yake. Mwenye gari naye ana sehemu yake ya dhima, na wengine wao tunasali nao safu moja.

Mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao laki moja, wenye vifaa vya kupima presha majumbani. Ni jambo jema, ila huja mchana, humpima mama, na baba yuko barabarani. Kwa hiyo twawaomba dada zetu wamwombe mhudumu aje siku ya mapumziko ya mume, na wasimamizi wa misikiti wamkaribishe baada ya sala ya Ijumaa. Nyumbani, punguzeni chumvi na mafuta, na mfungieni chakula cha kwenda nacho. Akiandikiwa vidonge, asiviache kwa kuwa anajiona mzima. Uzima huo mara nyingi umetokana na vidonge hivyo.

Na akilalamika kifua kumbana kama kimewekewa mzigo, maumivu yakienda mkononi au tayani, jasho la baridi likamtoka, msiseme ni gesi au jicho la hasidi, wala asimalize safari. Aliyeko usukani asimame kando ya barabara, apelekwe hospitali yenye huduma ya dharura saa hiyo hiyo na mtu mwingine. Dua isomwe njiani; kutawakali hakukupata kuwa kuacha matibabu.

Twaulizwa pia juu ya vidonge na funga ya Ramadhani. Mgonjwa na amwone daktari kabla mwezi haujaandama, kwani huenda vidonge vikapangwa vinywewe futari na daku. Akiambiwa funga itamdhuru, rukhsa anayo: atalipa siku zake akipata nafuu, na asiyetarajiwa kupona atalisha maskini mmoja kwa kila siku.