Tumjue Mshika Funguo wa Ghala

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huu, ambao zamani ulihusu nguo na nafaka, leo wapasa kuzingatiwa na kila ofisi yenye kompyuta. Kompyuta moja ya kawaida hubeba mamia ya programu, kubwa kwa ndogo; na ni wachache mno miongoni mwetu wawezao kueleza zilitoka wapi, zilikaguliwa na nani, na zikiharibika zitarudishwaje.

Siku hizi yasemwa sana, nasi twaafiki, kwamba ofisi za umma katika nchi zetu zitumie mifumo endeshi huria, yaani ile ambayo kila mtu ana ruhusa ya kuisoma, kuibadili na kuigawa pasipo kulipia leseni. Lakini mjadala huu aghalabu huishia kwenye bei. Sisi twaona kwamba bei ni jambo la pili. La kwanza ni ghala, pamoja na yule aliyeshika funguo zake.

Yafaa ieleweke kwamba katika mifumo hii programu haziokotwi ovyo. Kila moja hufungwa katika kifurushi kilichoandikwa jina lake, toleo lake, na orodha ya programu nyingine inazozitegemea. Vifurushi hivyo huwekwa katika ghala moja kuu, na ndani ya kompyuta hukaa karani, ambaye naye ni programu, anayekwenda ghalani kwa njia ya intaneti, akakagua muhuri wa kihesabu, akaleta kilichoagizwa pamoja na vitegemezi vyake. Hapo ndipo mifumo inapotofautiana, nasi twaweza kuilinganisha kwa maswali manne. Nani huleta mali ghalani? Nani huikagua? Nani huitia muhuri? Na likitokea la kutokea, mtu hurudije alikotoka?

Tuanze na Debian, iliyotangazwa na Ian Murdock mwezi Agosti 1993. Ghala lake si mali ya kampuni yoyote, bali huendeshwa na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Toleo la 13, lililotoka Agosti 2025, lilikuwa na vifurushi karibu 70,000. Karani wake, APT, aliingia katika toleo rasmi mwaka 1999. Ghala hilo lina vyumba vitatu: kifurushi huingia kwanza katika chumba cha mali mpya, kisha cha majaribio, na baada ya muda mrefu ndipo hufika katika chumba cha mali imara. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na ambayo jina lake kila Mswahili hulitambua kuwa ni utu, huchota kutoka ghala hilo hilo.

Upande wa pili ni kampuni ya Red Hat ya Marekani, iliyoleta kifurushi cha aina ya RPM mwaka 1995. Hapa mlango ni miwili: Fedora, inayopokea mapya upesi, na mfumo wa kulipiwa, unaohudumiwa kwa miaka 10. Nidhamu yake ni ya kusifiwa. Lakini funguo ni za kampuni. Ofisi nyingi duniani zilitegemea nakala ya bure ya mfumo huo, iitwayo CentOS, ambayo toleo lake la 8 lilitarajiwa kuhudumiwa hadi 2029. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba huduma hiyo ingekoma mwisho wa 2021, na ndivyo ilivyokuwa. Programu zilibaki huru, ila ghala lilifungwa.

FreeBSD ni wa ukoo mwingine. Humo mfumo wenyewe hutengenezwa na kundi moja kama kitu kimoja, na programu za nje hukaa kando, katika mkusanyo ulioanza mwaka 1994. Nyumba ni nyumba, na duka ni duka. Faida yake ilionekana Novemba 2012, ilipogunduliwa kwamba wadukuzi wameingia katika mashine mbili za mradi huo kwa ufunguo ulioibwa kwa mmoja wa watengenezaji. Wakuu wa mradi walisema waziwazi kwamba hawakuona kifurushi kilichotiwa sumu, ila hawakuweza kuvidhamini vifurushi vya majuma kadhaa yaliyotangulia. Mfumo wenyewe haukuguswa.

Kuna pia Arch, iliyoanzishwa mwaka 2002, ambayo mapya yake huja kila siku, nayo hubadilishwa kidogo iwezekanavyo. Na kuna Nix, iliyoanza mwaka 2003 katika kazi ya Eelco Dolstra huko Uholanzi. Katika Nix kila kifurushi hukaa mahali pake, kwa jina linalotokana na hesabu ya vyote vilivyotumika kukitengeneza. Kipya hakifuti cha zamani. Likiharibika jambo, amri moja humrudisha mtu alikokuwa jana. Gharama yake ni nafasi kubwa ya diski na elimu isiyopatikana kwa siku moja.

Je, yupi aliye bora? Tusijibu kabla ya kuyatazama mambo mawili.

Mwaka 2006 mtunza kifurushi mmoja wa Debian aliondoa mistari michache katika programu ya OpenSSL, akidhani anaisafisha. Hadi ilipogunduliwa Mei 2008, funguo za siri zilizotengenezwa kwa kifurushi hicho zilikuwa rahisi kubahatishwa, na Ubuntu nayo ikaambukizwa. Kumbe hata mtunza ghala mwenye nia njema, akifungua mzigo na kuurekebisha, aweza kuuharibu.

La pili ni zito zaidi. Programu ya kubana mafaili iitwayo xz ilitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea. Mtu mwingine aliyejiita Jia Tan alimsaidia kwa miaka miwili hivi mpaka akaaminiwa, na mapema mwaka 2024 akapenyeza mlango wa uani, ambao ungempa mwenye ufunguo wake mamlaka juu ya seva za mbali. Mtego ulitegwa mahsusi kwa vifurushi vya aina ya Debian na vya aina ya Red Hat. Tarehe 29 Machi mhandisi Andres Freund aliufichua, baada ya kushangaa kwa nini kuingia katika mashine kulichelewa kwa nusu sekunde. Mzigo ulikuwa umekwisha kufika katika chumba cha majaribio cha Debian na katika Fedora ya majaribio. Katika chumba cha mali imara haukuwa umefika.

Tukumbuke kwamba mihuri yote ilikuwa halali. Muhuri huthibitisha ni nani aliyeufunga mzigo, hauthibitishi kilichomo. Kilichotuokoa ni macho ya mtu mmoja na taratibu za lango la mwisho. Wapo wanaoubeza utaratibu wa Debian kwamba huwapa watu programu zilizochakaa. Hawasemi uongo, lakini husahau kwamba marekebisho ya usalama huletwa hata kwa matoleo ya zamani, na kwamba mwenye kupokea kila kitu siku ya kwanza ndiye anayeonja kwa niaba ya wengine.

Kwa hiyo twapendekeza mambo matatu. Kwanza, mashine zinazowahudumia wananchi, kama za hospitali, mahakama na hazina, zichote katika chumba cha mali imara. Mifumo ya mwendo wa haraka ibaki katika maabara na vyuo, ambako kosa ni somo.

Pili, kila nchi iwe na nakala ya ghala ndani ya mipaka yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikalegea kwa siku kadhaa. Ofisi yenye nakala karibu huendelea kupata mali yake. Na kwa kuwa karani hukagua muhuri wa asili, nakala iliyochezewa hukataliwa.

Tatu, na hili ndilo kubwa, vijana wetu wafundishwe kuwa watunza vifurushi, si wapokeaji tu. Mlango u wazi: watu wa Debian walifanya mkutano wao wa mwaka 2016 huko Cape Town, na hakuna aulizwaye cheo wala rangi ya pasi ya kusafiria, ila kazi yake. Xz ilikuwa na mtunzaji mmoja, na dunia nzima ilimwegemea pasipo kumjua.

Bure haina maana ya kutolindwa. Anayekula katika ghala la jumuiya hana budi naye kushika zamu mlangoni.